Uzi Mweupe

Jumamosi, tarehe tatu Juni, kulipambazuka na ukungu mzito. Mbele ya darasa zima la watu wazima, fundi Mashaka aliiwasha kompyuta yao mpya, ikazimika tena. Akabadilisha waya wa umeme. Bure.

Bi Nyamizi, mwanafunzi aliyekabidhiwa kuitunza, aliomba kimoyomoyo. Mwalimu alikwisha kusema kwamba atakayeiharibu atafukuzwa.

Fundi aliifungua, akachomoa uzi mweupe kwenye feni.

"Uzi wa kitambaa! Feni haizunguki, mashine inachemka. Nani huifunika ikiwa imewashwa?"

"Kumbe ilivishwa kama bibi harusi!" mtu akacheka.

Bi Nyamizi alisimama.

"Ni mimi, Mwalimu. Niliikinga na vumbi. Lakini naahidi mbele yenu nyote: mkinifukuza, nitasomea pale nje, dirishani."