Kifo cha Ishirini na Tatu

Katika filamu zake, mzee Edmund Thorley, mwigizaji Mwingereza, alikufa mara ishirini na mbili, na kila kifo alikifanyia mazoezi nyumbani, chali juu ya zulia. Bintiye Rosalind, enzi hizo mtoto, ndiye aliyepaza sauti kama mwongozaji anayesimamisha kamera, “Kata!” Hapo baba huchezesha kidole gumba cha mguu, kisha huyo, ameinuka anacheka.

Asubuhi hii nesi alimfunika mzee shuka hadi usoni.

“Pole, mama. Mzee ametutoka.”

“Ngoja kidogo, mwanangu.”

Rosalind, mwenyewe sasa kichwa cheupe kwa mvi, akasogea miguuni pa kitanda.

“Kata, baba,” alinong'ona.

Nesi akafungua dirisha. Upepo ukalitikisa shuka pale miguuni.

“Kata!” Rosalind akapaza sauti.