Kigoda Chini ya Maji

Kabla ya kuumizwa kichwa, panya yule wa maabara alijua kilipo kigoda cha kupumzikia kilichofichwa ndani ya beseni kubwa, chini ya maji yaliyotiwa maziwa ya unga yasionyeshe kitu. Baada ya jeraha alikisahau. Sasa alikuwa amenyweshwa dawa ya majani, na Sikudhani alimtia majini aone kama imemfaa.

Panya aliogelea moja kwa moja hadi upande wa dirishani, kisha akaanza kuzunguka palepale.

“Basi, hakumbuki kitu,” Sikudhani alisema. Alimfikiria baba yake ambaye, tangu aanguke kutoka paani na kuumia kichwa, hupapasa kuta akitafuta mlango wa chumba chake mwenyewe.

“Dada Siku, ngoja!” Badi, mwenzake, alikuwa kwenye sinki, kigoda mkononi kikichuruzika maji. “Nilikitoa kukiosha, nikasahau kukirudisha. Nisamehe, dada’ngu.”

Sikudhani akatazama tena. Panya alikuwa akizunguka mahali hasa kigoda kinapokaa siku zote.

Akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akakunjua kiganja chini ya maji meupe. Panya akakipanda, akatulia.

“Mtoe basi, ataona baridi.”

“Mwache kwanza,” Sikudhani alisema, machozi yakimtoka huku akicheka. “Amefika.”