Kijiwe cha Sikioni

Siku ya arobaini ya kuchunga mtego, samaki mmoja wa aina ya ningu akaingia. Dokta Nyangoma alimtia kwenye beseni, akamtazama akihema. Wajenzi wa bwawa walitaka ushahidi kwamba samaki bado wanazaliwa kwenye mto huu, na ushahidi ulikuwa kijiwe cha ndani ya sikio, kinachoonyesha samaki alikozaliwa, kisichotoka akiwa hai.

"Dokta, kaja huyu tu," alisema mzee Barongo, mlinzi wa mtego.

"Nikimwachia, watajenga."

Hakumbonyeza tumbo, hakutaka kujua. Akamuua.

Hadubini ilionyesha kazaliwa papa hapa. Nyangoma akaandika hivyo, kisha akampasua tumbo, kama taratibu zinavyotaka. Mayai yakammwagikia viganjani, yamekomaa, mamia kwa mamia.

Barongo akavua kofia. Nyangoma akashuka mtoni ameyafumbata, akasimama, maji magotini, mikono imegoma kufunguka.