Aliyemfuata Severin

Severin aliteleza kwenye kiti mpaka magoti yakagota kiti cha mbele. Karibu kabisa na skrini, chini ya kofia iliyovutwa hadi masikioni, alikuwa ameketi baba yake.

Nyumbani Grand Prairie alikuwa ameaga kwamba ana ovataimu ghalani. Badala yake aliendesha gari mpaka Dallas, kwenye jumba dogo la sinema ambako hakutegemea kumkuta Mtanzania hata mmoja. Alikuja kutazama filamu iliyokuwa ikizungumzwa sana mwaka huo wa 2018: mvulana anayempenda mvulana mwenzake, na jinsi anavyojifunza, akikua, kutojichukia.

Na mzee alikuwa ameshafika, ameshakaa. Lazima aliona tiketi kwenye simu yangu, Severin akawaza. Amekuja kunikamata.

Mzee Melkiori hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa muuguzi, mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa Kitanzania, na mgane wa miaka mingi. Akina mama wa kanisani walimletea pilau. Alikula pilau, akawashukuru wapishi, na hakumwoa yeyote. Watu walisema ni mapenzi kwa marehemu. Yeye alisema kazi iliyobaki ni kumwozesha Severin, na siku hizo kila mlo ulikuja na jina la Clara, mwanakwaya.

Taa zilizimwa. Severin angeweza kutoroka, lakini filamu ikamshika. Mvulana alijaribu gauni la mama yake mbele ya kioo, sikio likiwa mlangoni. Severin aliijua hofu ile. Kule mbele, mzee akacheka peke yake, mahali ambapo hakuna mwingine aliyecheka.

Ananicheka mimi, Severin akawaza.

Mwishoni mvulana, sasa mtu mzima, alisimama mbele ya kaburi la mama yake akamtajia kwa sauti jina la mwanamume anayempenda. Mzee akavua miwani, akafuta macho kwa kiganja. Hilo lilimuuma Severin kuliko kicheko. Sasa analia kwa aibu niliyomletea.

Akaamua hatasubiri kuhojiwa nyumbani kama mtoto aliyevunja sahani. Aliwahi kutoka, akasimama juani kwenye maegesho.

Mzee alipomwona alishtuka, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba,” mzee akajibu, kwa mazoea tu.

Severin hakumpa nafasi ya kuongeza neno. “Najua umenifuata, baba. Basi sikia kutoka kwangu mwenyewe. Yule mtoto kwenye filamu ni mimi. Clara simtaki, wala msichana mwingine. Nimesali hali hii iniondokee, haikuondoka. Na nimechoka kuiombea msamaha.”

Mzee alivua kofia, akajipepea nayo, akaivaa tena. Gari moja lilipita; akasubiri lipotee kabisa.

“Sikukufuata, mwanangu,” akasema taratibu. “Hii ni Jumamosi yangu ya tatu kuja hapa.” Akainamia viatu vyake. “Mimi nilidhani yule mtoto ni mimi.”