Pete ya Jalalani

Mashine ililia tena, na Fundi Saa akafukua tena kizibo cha soda.

"Endelea, tajiri," kaka yake mkubwa alimtania kutoka kwenye kiti cha plastiki. "Ukimaliza vizibo na misumari, hamia chooni."

"Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata," Fundi Saa alijibu, ila sauti yake haikuwa ya utani.

Wikendi zake zote huishia hivyo, akipitisha mashine yake ya kutafutia vyuma juu ya ardhi ambayo hata kuku hawaichakuri, akirudi na sarafu za zamani au hereni isiyo na mwenzake. Mkewe alishachoka kumsema. Lakini leo hakuwa mchezoni. Alikuwa nyuma ya jiko la mama yao, kwenye jalala la zamani, akitafuta pete ya ndoa ya mama, na kila mara macho yalimkimbilia langoni.

Pete hiyo ndiyo iliyoivunja nyumba. Ilipopotea, kaka mkubwa alimsimamisha mdogo wao wa kike mbele ya wageni waliokuja kumposa, akamwita mwizi. Binti akaapa hatakanyaga tena hapo mpaka pete ionekane, na kweli hakukanyaga. Sasa mama yuko kitandani, amebaki mifupa, hali chakula, anamuulizia kifunga mimba wake asubuhi na jioni. Daktari aliwaambia wasichelewe.

Ndipo Fundi Saa akampigia simu dada yake. "Mama alikuwa akimwaga maji ya vyombo jalalani, nyuma ya jiko. Huenda ilimchomoka. Njoo usimame, ushuhudie kwa macho yako."

Lango likagongwa. Dada aliingia amekumbatia mkoba, akasalimia kwa midomo tu, akasimama mbali na kaka mkubwa.

Fundi Saa alifuta jasho, akahamia kona ya ukutani. Mashine ikalia, safari hii sauti nyembamba isiyokatika. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono.

"Jamani! Njooni!"

Pete. Akaisugua kwenye shati, tope likatoka, ikang'aa.

Kaka mkubwa aliinuka mpaka kiti kikaanguka. Aliitazama pete, akamtazama dada yake.

"Mdogo wangu, nilikukosea. Nilikuvunjia heshima mbele za watu. Nisamehe."

Mtu mzima yule akalia, kamasi na machozi, wala hakuona haya. Dada akaukaza mkoba kifuani.

Wakampelekea mama. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Bangili zote alishazivua kwa kumpwaya. Kaka mkubwa akamshika mkono, akamvisha pete. Ikaingia, ikakaa barabara.

"Imenikaa kama siku ya harusi yangu," mama akasema, akamvuta binti yake kifuani. "Si niliwaambia? Mwanangu hawezi kuniibia!" Kisha akasema ana njaa, na kaka mkubwa akakimbilia jikoni bila hata kuvaa viatu.

Fundi Saa alitoka kunawa. Kwa furaha alifungulia bomba lote, maji yakamlowesha suruali. Dada yake akamfuata bombani. Akangoja kaka mkubwa apite na sahani, mlango ufungwe.

"Kaka, mama amekonda sana."

"Amekonda, lakini atanenepa. Si umerudi?"

Dada akafungua mkoba. Akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua kwa meno, akamwekea kiganjani pete kuukuu, iliyolika upande mmoja.

"Hii ndiyo yenyewe, nayo ingempwaya," alisema. "Ile uliifukia lini?"