Chasisi ya Injini Nyuma

Elias aliingia kwa fundi wa kuunda bodi za mabasi pale Mkuyuni, Mwanza, akiendesha basi ambalo bado halijawa basi: chasisi tupu, usukani, matairi, na kreti ya soda aliyoikalia tangu Dar es Salaam. Vumbi la Singida lilikuwa limemjaa mpaka kwenye meno.

Tajiri mwenye gari alikuwa kivulini na shemeji yake, kijana wa shati jeupe lililonyooshwa.

"Shuka. Gari ina dereva," tajiri alisema, akimwonyesha shemeji kwa kidevu. Hata pole ya safari hakutoa.

Elias hakuzima injini. Kwa madereva wa Mwanza, anayeileta chasisi uchi, akala upepo na mvua njia nzima, ndiye anayekabidhiwa basi likishavishwa bodi. Na hii haikuwa ile fupi ya mjini, wala ile ya injini mbele inayomchemsha dereva mapaja. Ilikuwa ile ndefu, injini nyuma, ambayo stendi nzima ilikuwa ikiiota.

"Bosi, tulikubaliana."

"Tulikubaliana ulete. Si umeshaleta?"

Shemeji akacheka. "Kaoge kwanza, kaka. Unanuka kama ng'ombe wa mnadani."

Akashika usukani, akaweka mguu kwenye chuma apande. Kiatu chake kilikuwa kimepigwa rangi kikang'aa kama kioo. Elias alikitazama kikitafuta pa kukanyaga, kikateleza, kikarudi.

"Basi nairudisha nilikoitoa," alisema kwa upole kabisa, akaingiza gia ya nyuma wakati mguu wa pili wa shemeji ukiwa bado hewani.