Shuka la Maua

"Mzuka gani huyu anavaa maua?" mwenzake Nimo wa darasani akacheka, akiinamia kompyuta. "Nimo, toa rangi. Shuka likiwa jeupe, trela yetu itatisha kweli."

Trela ya filamu ya kutisha ilikuwa kazi yao ya chuo, na mzuka alikuwa mama yake Nimo, amejifunika gubigubi sebuleni kwao, mtaani Sparkhill. Shuka jeupe alilikataa katakata. "Hiyo ni sanda, mwanangu. Usinivishe kabla ya siku yangu."

Siku yenyewe ilifika Ijumaa iliyopita. Nimo alikuwa miongoni mwa wanawake waliomkafini, wakamvisha sanda. Chuoni hakumwambia mtu.

Akashika kipanya, akapunguza rangi taratibu. Maua mekundu yakafifia, majani yakafuata, hadi shuka likawa jeupe pe, na chini yake pua na kidevu vikachomoza vilevile alivyoviona msikitini.

"Hapo sasa!" mwenzake akapiga makofi. "Usiguse tena."

Nimo hakugusa. Video ikaendelea yenyewe, na kutoka ndani ya ule weupe mama yake akasema, kicheko kimembana:

"Basi, imetosha, Nimo. Nifunue nikapike."